Abdullah bin Ja'far (r.a.): Mtoto wa Mwenye Mbawa Mbili



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu zangu wasomaji, kila muhula hapa chuoni hapakosi mwenzetu anayepigiwa simu usiku, akafunga begi lake, akaenda kumzika mzazi. Baada ya wiki moja au mbili anarudi darasani. Tunampa mkono wa pole, kundi la WhatsApp linajaa dua, na msikitini anaombewa baada ya swala ya Ijumaa. Hilo ni jema na Allah atulipe. Lakini huyo mwenzetu nyumbani amewaacha wadogo zake. Mmoja ana miaka saba, mwingine kumi, mwingine kumi na nne. Hao hawamo katika kundi letu. Aghlabu wageni wa msibani huwapita mlangoni wakaenda kumpa pole mama.

Nimejiuliza mara nyingi: mtoto aliyefiwa anafarijiwa vipi? Dini yetu imetuhimiza sana kumlisha yatima na kuilinda mali yake, na hilo tumelisikia tangu madrasa. Je, huzuni yake nayo ina mafunzo? Nimeyakuta mafunzo hayo katika maisha ya Sahaba mmoja ambaye alifiwa akiwa mdogo, akabahatika kufarijiwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Huyo ni Abdullah bin Ja'far bin Abi Talib (r.a.).

Mzaliwa wa Habasha

Baba yake ni Ja'far, mtoto wa Abu Talib, ndugu yake Ali na binamu wa Mtume (s.a.w.). Mama yake ni Asmaa bint Umays. Wote wawili walisilimu mapema, wakati Waislamu wa Makka walipokuwa wachache na wanaonyanyaswa. Mateso yalipozidi, Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu wafuasi wake wavuke bahari kwenda Habasha, nchi iliyotawaliwa na mfalme Mkristo mwenye uadilifu, Najashi. Hiyo ilikuwa kiasi cha mwaka 615. Ja'far ndiye aliyesimama mbele ya mfalme huyo kueleza Uislamu ni nini, na Waislamu wakapewa hifadhi.

Huko ugenini ndiko alikozaliwa Abdullah. Wanahistoria wanamhesabu kuwa mtoto wa kwanza wa Kiislamu kuzaliwa katika ardhi ya Habasha. Kwa hiyo Sahaba huyu ni mzaliwa wa Afrika, tena upande wetu huu wa mashariki. Ndugu zake, Muhammad na Awn, walizaliwa huko pia. Utoto wao ulikuwa wa watoto wa wakimbizi: kwao wakikujua kwa kusimuliwa, na ndugu wa baba wakiwajua kwa majina tu.

Mwaka wa 7 Hijria familia ilirudi, ikafika Madina wakati Khaybar imefunguliwa. Mtume (s.a.w.) alimlaki Ja'far kwa furaha kubwa, akambusu kati ya macho yake. Madina Ja'far alijulikana kwa kuwapenda masikini. Abu Hurayra (r.a.), ambaye alionja njaa katika siku hizo, alikuwa akisimulia kwamba Ja'far aliwachukua kwake akawalisha chochote kilichokuwemo. Siku ambayo hakuna kitu aliwatolea kiriba kilichokwisha samli, wakakipasua na kulamba kilichoganda ndani. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia Ja'far neno ambalo naomba msomaji ulishike, maana tutalikuta tena mbele: kwamba anafanana naye kwa sura na kwa tabia.

Habari kutoka Mu'ta

Furaha ile haikumaliza hata miaka miwili. Mwaka wa 8 Hijria, sawa na 629, jeshi la Waislamu lilitumwa kaskazini, likakutana na majeshi ya Warumi na washirika wao mahali paitwapo Mu'ta, katika nchi ambayo leo ni Jordan. Mtume (s.a.w.) alikuwa amewapanga makamanda watatu kwa zamu. Zayd bin Haritha aliuawa, Ja'far akaichukua bendera. Imepokewa kwamba alikatwa mkono wa kulia akaishika bendera kwa wa kushoto, akakatwa na huo akaikumbatia kifuani mpaka alipouawa. Abdullah bin Umar, aliyekuwepo, alihesabu majeraha mwilini mwake yakafika kiasi cha hamsini, yote upande wa mbele. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba Allah amempa Ja'far mbawa mbili badala ya mikono yake, anaruka nazo Peponi. Ndiyo maana akaitwa Ja'far at-Tayyar, yaani mwenye kuruka, na mwenye mbawa mbili.

Sisi hapa huwa tunaishia. Khatibu akifika kwenye mbawa, watu hutoa takbiri. Lakini Madina kulikuwa na nyumba yenye watoto watatu ambao bado hawakujua lolote, na mkubwa wao alikuwa na miaka saba au minane.

Siku ya kwanza

Asmaa alisimulia mwenyewe namna habari ilivyomfikia. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kazi zake za ngozi na amekanda unga. Alikuwa amewaogesha wanawe, amewapaka mafuta na kuwasafisha. Mtume (s.a.w.) akaingia, akataka aletewe watoto wa Ja'far. Walipoletwa aliwakumbatia na kuwanusa, na macho yake yakatiririka machozi. Asmaa akahisi, akauliza kama kuna habari ya Ja'far. Akamwambia ukweli: ameuawa siku ile. Asmaa akasimama akipiga kelele, wanawake wakakusanyika.

Wanahistoria wamepokea kwa Abdullah mwenyewe kwamba katika utu uzima wake alikuwa bado anaikumbuka siku hiyo. Alikuwa akisimulia jinsi alivyokuwa akimtazama Mtume (s.a.w.) akimpapasa kichwa, yeye na ndugu yake, huku machozi yakimdondoka mpaka kwenye ndevu.

Tuangalie mambo aliyoyafanya Mtume (s.a.w.) siku hiyo. Kwanza, alikwenda mwenyewe. Alikuwa kiongozi wa umma, jeshi lake limepoteza makamanda watatu, na angeweza kumtuma mtu. Pili, alianza na watoto kabla ya kusema na mtu yeyote. Tatu, aliwagusa. Nne, alilia mbele yao. Hakujificha wala hakuwageuzia uso. Mtoto anayemwona mtu mzima mwenye heshima akilia hujifunza kwamba kinachomuuma yeye kinawauma na wakubwa, na kwamba kulia si aibu wala si upungufu wa imani. Tano, habari haikufichwa. Sita, alipotoka aliwaambia watu wa nyumbani kwake wawatengenezee chakula watu wa Ja'far, kwa kuwa wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Ndiyo asili ya sunna yetu ya majirani kupeleka chakula msibani. Kwa masikitiko, sehemu nyingi tumeigeuza, mfiwa ndiye anayepika na wageni ndio wanaokula.

Kuhusu kutoficha, nina la kusema kutoka kwangu. Nilifiwa na baba nikiwa na miaka tisa, katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Alikuwa fundi cherehani. Watu wazima walionizunguka waliona vyema nisiambiwe. Niliambiwa baba amesafiri. Nilipelekwa nyumba nyingine nikacheze na watoto, na mazishi yalipita bila mimi. Waliofanya hivyo walinipenda, sina shaka. Lakini kwa miezi mingi nilikuwa nikisimama njiani jioni nikitazama magari yanayotoka mjini, na nilipogundua ukweli kupitia maneno ya watoto wenzangu, nilikuwa na huzuni mbili: ya baba, na ya kwamba hakuna ninayeweza kumwamini akiniambia jambo. Nilipoisoma habari ya Asmaa na watoto wake kwa mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa pili chuoni, niliirudia mara tatu.

Baada ya siku tatu

Mtume (s.a.w.) aliwaachia watu wa Ja'far siku tatu. Kisha akawajia tena. Aliwaambia wasimlilie tena ndugu yake baada ya siku hiyo, akataka aitiwe watoto wa ndugu yake. Abdullah alisimulia kwamba waliletwa wakiwa kama vifaranga. Kila aliyewahi kuona watoto wa msibani anaielewa picha hiyo: nywele timutimu, wamejikunyata, hakuna aliyewashughulikia kwa siku kadhaa kwa sababu mama yao hajiwezi.

Na Mtume (s.a.w.) akafanya nini? Akaagiza aitwe kinyozi, akawanyoa vichwa vyao. Wanazuoni wamelieleza hili kwamba mama yao alikuwa ameshughulishwa na huzuni asiweze kuwatunza nywele. Jambo dogo kabisa. Lakini mtoto aliyefiwa huogopa jambo moja ambalo hawezi kulisema: kama baba ameondoka na mama analia, mimi nitaangaliwa na nani? Kinyozi alikuwa jibu la swali hilo.

Kisha akasema nao mmoja mmoja. Alisema kuhusu Muhammad kwamba anafanana na ami yake Mtume, Abu Talib. Alisema kuhusu Abdullah kwamba anafanana naye, Mtume, kwa sura na kwa tabia. Msomaji, kumbuka neno tulilolishika hapo juu. Ni neno lile lile aliloambiwa Ja'far alipokuwa hai. Baba amekufa na heshima aliyopewa imehamia kwa mwanawe, mbele ya watu, huku amenyolewa kichwa na macho yamevimba.

Na neno la kufanana na Abu Talib nalo si la kupita. Mtume (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha kufa. Mama yake alimfia akiwa na miaka sita, babu yake akiwa na minane. Aliyemchukua akamlea ni Abu Talib, babu yao watoto hawa. Baadaye Makka ilipopatwa na njaa na Abu Talib akazidiwa na mzigo wa familia, Mtume (s.a.w.) alimchukua Ali akamlea, na Abbas akamchukua huyu Ja'far. Kwa hiyo mtu aliyekuwa amekaa mbele ya wale vifaranga watatu alikuwa yatima aliyelelewa na babu yao. Aliijua hali yao kwa kuipitia, na deni alilijua.

Halafu akamshika Abdullah mkono, akauinua juu, akamwomba Allah awe badala ya Ja'far kwa watu wake, na ambariki Abdullah katika biashara za mkono wake. Aliomba hivyo mara tatu. Dua hiyo ilielekea mbele. Ilimwambia mtoto kwamba yako maisha yanayokuja, kwamba siku moja atakuwa mtu mzima, atauza na kununua na kupata faida.

Mama yao akaja, akaeleza uyatima wa wanawe. Hakumkatiza. Hakumwambia kwamba siku tatu zimekwisha na huzuni imefungwa. Kumbe alichokifunga ni kilio cha matanga. Hofu ya mjane aliisikiliza na kuijibu. Alimuuliza kama anawaogopea ufukara, na hali yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Miaka iliyofuata

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Siku tatu tunaziweza. Arobaini tunaiweza pia, kwa maturubai na masufuria. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na mtoto ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwamba baba harudi.

Katika miaka ile michache ambayo Abdullah aliishi Madina na Mtume (s.a.w.), tunamkuta kila mara karibu naye. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirudi safarini, watoto wa jamaa zake walitolewa nje kumpokea. Safari moja Abdullah alitangulia, Mtume akampakia mbele yake. Akaletwa mmoja wa watoto wa Fatima, akapakiwa nyuma. Wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja, na watu wanaona.

Siku nyingine alimpakia nyuma yake, akamnong'oneza siri. Abdullah aliizungumzia siri hiyo mpaka uzeeni, lakini kila mara alisema tu kwamba ipo na kwamba hatamwambia mtu yeyote. Hatuijui mpaka leo. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtoto: mtu mtukufu kuliko wote amemwona anafaa kuaminiwa.

Siku hiyo hiyo waliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, wakamkuta ngamia. Alipomwona Mtume (s.a.w.) ngamia alilia na macho yakamtoka machozi. Mtume alimwendea, akampapasa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana wa Kiansari. Mtume akamkanya amwogope Allah kwa mnyama huyo, kwani amelalamika kwamba anatiwa njaa na kuchoshwa. Aliyetusimulia haya yote ni Abdullah. Katika mengi aliyoyaona utotoni, hili lilimkaa: kiumbe anayelia, na mkono unaompapasa mpaka anyamaze, na kisha haki yake kutetewa.

Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimpita akicheza mchezo wa kuuza na kununua kama wachezavyo watoto, akamwombea baraka katika biashara yake. Na imepokewa kwamba yeye na Abdullah bin Zubayr walikwenda kumpa Mtume bai'a wakiwa na miaka saba tu. Mtume alipowaona alitabasamu, akanyoosha mkono wake. Abdullah pia ndiye aliyetuhifadhia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila tende kwa tango. Hadithi fupi, lakini inaonyesha mtoto aliyekuwa akikaa kwenye chakula, akitazama.

Kufiwa mara ya pili, na ya tatu

Mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632, Mtume (s.a.w.) aliaga dunia. Abdullah alikuwa na kiasi cha miaka kumi. Mtoto aliyepoteza baba sasa amempoteza na aliyekuwa mahali pa baba. Wakati huo mama yake alikuwa ameolewa na Abubakar as-Siddiq (r.a.), na watoto wa Ja'far walilelewa humo. Miaka miwili baadaye Abubakar naye akafariki. Asmaa akaolewa na Ali bin Abi Talib (r.a.), ami yao watoto.

Kwa nini mfululizo huo wa misiba haukumvunja Abdullah? Sidai kuijua siri ya moyo wa mtu. Ninachokiona katika mapokezi ni kwamba hakuachwa mikononi mwa mtu mmoja. Alikuwa na jamii nzima iliyomjua baba yake na isiyoona haya kumtaja. Abdullah bin Umar, yule aliyehesabu majeraha kule Mu'ta, kila alipomsalimia alimwita mwana wa mwenye mbawa mbili. Salamu ya kila siku, njiani na sokoni. Na Abdullah alikuwa akisimulia kwamba alipomwomba ami yake Ali kitu akakataa, alimwomba kwa haki ya Ja'far, naye akampa.

Sisi tuna desturi ya kunyamaza. Tunaogopa kwamba tukimtaja marehemu tutamtonesha mtoto kidonda, kumbe mtoto mwenyewe anamfikiria kila siku na anaona ni yeye peke yake anayemkumbuka. Kule Buyenzi kulikuwa na mzee mmoja muuza kahawa ambaye alinisalimia kwa jina la kazi ya baba yangu, mtoto wa fundi. Wakati wengine wote walikuwa wamenyamaza, kwa mzee yule baba yangu alikuwa bado anajulikana.

Mtu mzima aliyetokana na mtoto yule

Abdullah alikua akamwoa Zaynab, binti wa Ali na Fatima. Dua ya biashara ilijibiwa, akawa tajiri. Lakini hakujulikana kwa utajiri. Alijulikana kwa kutoa, hata akaitwa bahari ya ukarimu. Imepokewa kwamba mfanyabiashara mmoja alileta sukari Madina ikamdodea. Abdullah alipopata habari alimwagiza wakili wake ainunue yote, kisha watu wakaachiwa wachukue. Nikiisoma habari hiyo namkumbuka Ja'far na kiriba chake cha samli. Baba alitoa akiwa hana kitu, mwana akatoa akiwa nacho. Watu waliomkumbusha kila siku kwamba ni mwana wa Ja'far walimsaidia kuwa mwana wa Ja'far kweli.

Maisha hayakumwondolea machungu. Mwaka 61 Hijria, sawa na 680, wanawe Awn na Muhammad waliuawa Karbala pamoja na Husayn (r.a.). Ndiyo, aliwapa wanawe majina ya ndugu zake, wale vifaranga wenzake. Watu walipomjia kumpa pole alimshukuru Allah kwamba, ikiwa yeye hakuweza kumnusuru Husayn kwa mikono yake, wanawe walikuwa naye. Alifariki Madina mwaka wa 80 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri, na aliyemswalia ni gavana wa Madina, Aban mtoto wa Uthman bin Affan.

Sisi tufanye nini?

Ndugu zangu, sisi wanafunzi tuna udhuru wetu uliozoeleka: hatuna pesa. Lakini rudi uyahesabu aliyofanyiwa Abdullah. Kutembelewa, kukumbatiwa, kuambiwa ukweli, kunyolewa nywele, kuambiwa anafanana na nani, kuombewa dua mkono umeinuliwa, kupandishwa mnyama, kuaminiwa siri, kuitwa kwa jina la baba. Ni lipi kati ya hayo linalohitaji mshahara?

Ukienda msibani na jumuiya yetu, uliza watoto wako wapi. Kaa nao chini, mkekani. Usimwambie mtoto wa kiume wa miaka kumi kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba, na asilie. Mtume (s.a.w.) hakumwambia hivyo Abdullah, alimwambia kwamba yeye, mtu mzima, ndiye walii wao. Mzigo aliubeba yeye. Mtoto akikuuliza baba yuko wapi, mjibu kwa maneno ya kweli anayoyaweza: amefariki, mwili wake tumeuzika, harudi nyumbani, na tunamwombea Allah amrehemu. Asipouliza, usimlazimishe. Cheza naye tu.

Kama wewe mwenyewe ndiye kaka au dada uliyerudi chuoni, wapigie simu wadogo zako, uombe kuongea nao na si na mama tu. Likizo ukirudi, mpeleke mdogo wako kwa kinyozi, msuke nywele mdogo wako wa kike. Wasimulie habari za baba au mama ambazo wao hawakuwahi kuziona, kwa sababu wewe ulikaa naye miaka mingi zaidi. Mwambie mmoja kwamba anacheka kama yeye, na mwingine kwamba ana mkono wake wa kupika.

Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto mgonjwa, au mwenye mzazi aliyelazwa kwa muda mrefu. Mtume (s.a.w.) alipougua kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, alikwenda kumtembelea akaketi karibu na kichwa chake. Kwenda na kuketi. Na ikiwa mtoto au kijana amefika mahali hali wala halali, amejitenga na kila mtu, au anasema anataka kumfuata marehemu, hapo dua yetu iende pamoja na hatua zetu kumpeleka kwa daktari au mshauri nasaha. Kutafuta tiba ni katika sunna pia.

Zaidi ya yote, turudi. Turudi baada ya siku tatu, turudi baada ya arobaini, turudi Idi ya kwanza ambayo baba hayupo kuwapeleka watoto kuswali, turudi siku ya kufungua shule na siku ya kutoka matokeo.

Tunamwomba Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awaponye wanaougua, awe badala ya marehemu wetu kwa watoto waliowaacha, na ajaalie mikono yetu iwe miongoni mwa mikono inayopapasa vichwa vya mayatima. Amin.

Wallahu a'lam.